Wakati wa Kura kwa Cucu

Wewe mama kijana, na wewe baba kijana unayejifanya haya hayakuhusu, weka simu chini kidogo. Nimelea watoto wa watu zaidi ya miaka ishirini katika nyumba moja ya mabati hapa Gatongora, wote wakiniita Cucu, yaani nyanya, na nimeacha kwa sababu magoti yamekataa, si kwa sababu watoto wamenichosha. Watoto hawachoshi. Wanaochosha ni wazazi.

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo usitafute maneno makubwa hapa. Msichana wangu Wambui, anayeuza simu Thika mjini, ndiye amesoma hizi karatasi na kuninyooshea herufi, maana nina shida moja ambayo lazima uijue kabla hatujaenda mbali. Ulimi wangu haujui tofauti ya L na R. Kalamu inajua kidogo. Ulimi haujui kabisa. Nikitaka ulale nitakuambia urare. Watu wengi wa rika langu huku kwetu tuko hivyo na tumezeeka salama. Nimemwambia Wambui anyooshe kila mahali isipokuwa pale nilipomkataza. Kwa hivyo ukiona R imekaa mahali si pake, ujue imekaa kwa ruhusa.

Sasa tuanze na chakula, kwa sababu kwa mtoto kila kitu huanza na chakula.

Kila siku saa sita nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikaita, "Haya, wakati wa kura." Nilimaanisha kula. Miaka ikapita, watoto wakaja wakala, hakuna aliyeuliza swali. Halafu kukawa na uchaguzi. Televisheni ilikuwa kura, redio kura, baba na mama wakibishana nyumbani ni kura. Siku moja nikaita vile vile kama kawaida, na watoto kumi na mmoja wakapanga laini ukutani, mmoja nyuma ya mwingine, kimya kama watu wazima.

Nikawauliza, "Mnafanya nini hapo?"

Nyambura, ambaye alikuwa na miaka minne na sauti ya chifu, akajibu, "Tunangoja kura, Cucu. Ni kura ya nani?"

"Ya githeri," nikamwambia kwa hasira, maana sufuria ya mahindi na maharagwe ilikuwa inapoa.

Akageukia wenzake. "Wa githeri, mikono juu." Mikono saba. "Wa mchele?" Mchele haukuweko hata punje moja, lakini mikono minne ilipanda. "Githeri imeshinda," akatangaza, na wale wanne wakakaa chini wakala githeri mpaka mwisho, kwa sababu walikuwa wameshindwa kwa haki. Hao wanne ndio jana yake walikuwa wanatema maharagwe chini ya meza.

Mimi si mtu wa kucheka ovyo. Lakini siku hiyo nilienda nyuma ya nyumba, nikashika kamba ya nguo, nikacheka mpaka leso ikafunguka.

Kesho yake nikaanza kazi. Tukalie mkeka ama benchi? Kura. Tuanze na wimbo ama hadithi? Kura. Vikombe vya buluu ama vyekundu? Kura. Mtoto ukimpa kitu kidogo aamue, anapunguza kukupigania kwa vile vikubwa. Ila uwe na akili. Usimuulize kama anataka kulala, kwa sababu atakwambia hapana, na wewe ndiye umeuliza. Muulize kama atalala akiangalia ukuta ama akiangalia dirisha. Kwa vyovyote atakuwa amelala.

Usifikiri nilizaliwa nikijua haya. Nimekosea mpaka nikachoka kukosea.

Nilikuwa na mtindo mmoja mbaya wa asubuhi. Mama akileta mtoto analia, nilikuwa namwonyesha mtoto kuku huko nyuma, na mama anatoroka kwa lango akinyata kama mwizi. Nilijiona mjanja sana. Kulikuwa na mtoto mmoja tuliyemfanyia hivyo wiki nzima. Wiki ya pili akawa anakula akiangalia mlango, anacheza akiangalia mlango, anaenda choo akirudi nyuma nyuma ili asiuache mlango. Na kuku akawachukia kabisa. Nikajua nimeharibu. Tangu siku hiyo kila mama aliaga. "Naenda kazi, nitarudi ukishakunywa uji wa jioni." Mtoto analia, sawa, alie. Kilio cha kuaga kina mwisho. Na mama aache kitu chenye harufu yake, leso ama sweta. Nilikuwa na msumari mmoja wa kila leso, na mtoto akizidiwa anaenda kwa msumari wake, ananusa, anarudi kucheza. Leo mnanunua midoli ya kuongea. Leso haiongei na inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kazi yenyewe nilifundishwa Thika, kabla ya Gatongora, nilipokuwa yaya kwa familia moja ya Wahindi wenye duka la vyuma. Nyanya wa ile nyumba wote walimwita Ba, na mimi pia. Alikuwa mama mfupi wa sari nyeupe na miwani mizito, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kama chakula chake, moto na cha haraka. Yeye alicheka R yangu, mimi nilicheka "iko" yake, tukaelewana.

Pale nililea mjukuu wake, msichana wa miaka mitatu. Nilitaka waone ninafanya kazi, basi kutwa nzima nilikuwa naye kama polisi anayeuliza kitambulisho. Hii rangi gani? Hizi ni ngapi? Huyu ni mnyama gani? Siku chache tu mtoto akanyamaza. Ukiuliza, anaangalia dari.

Ba alikuwa kwenye kigoda chake anatuangalia. Akaniuliza, "Wewe iko jua hiyo rangi?"

"Najua, Ba. Ni nyekundu."

"Basi uliza ya nini? Mtoto iko ona wewe natega yeye."

Akachukua sinia ya dengu akaiweka sakafuni, akamwambia mtoto, "Mimi macho kwisha. Wewe tafuta mawe." Yule mtoto aliyekuwa haongei akakaa chini, akatafuta mawe, na hapo mdomo ukafunguka. Hii jiwe, Ba, hii si jiwe, hii kubwa, hii ndogo, tatu, nne, hii ya kijani nani ameweka. Alihesabu, alipanga, alitaja rangi zote nilizokuwa nazitafuta kwa maswali.

Nilifikiri Ba anajifanya. Siku moja akiwa anaoga nikachukua miwani yake nikajaribu. Ilikuwa kama kuangalia dunia kupitia kitako cha chupa. Macho yalikuwa yamekwisha kweli. Hilo nililiona, lakini maana yake sikuishika. Hata Gatongora, miaka mingi baadaye, bado nilifikiri ni ujanja, nikajaribu kujifanya sioni. "Jamani, macho ya cucu yamekwisha, nani atanitafutia mawe kwa maharagwe?"

Nyambura akaniangalia. "Cucu, jana uliniona nikilamba sukari na ulikuwa huko kwa choo."

Hapo nikaachana na kujifanya.

Sasa nifike kwa Lavenda, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama yake alikuwa anashona nguo kwa kiwanda kimoja Ruiru, baba alikuwa kibarua wa mjengo upande wa Mwiki. Wametoka Siaya. Mtoto alipoachishwa ziwa walimwacha huko kwa nyanya, ambaye wao humwita dani, ili wao watafute kazi. Walipopata nyumba ya vyumba viwili wakaenda kumchukua. Alikuwa na miaka minne. Mama Lavenda aliniambia siku ya kwanza, "Cucu, nimemkosa miaka mitatu. Hata sijui anapenda kulalia upande gani."

Siku hiyo ya kwanza mtoto akakaa kwa benchi na sweta yake ya waridi, kimya, mpaka saa nne. Halafu akanivuta nguo akasema, "Pi."

Mimi nikaelewa vizuri kabisa. Nikamshika mkono nikampeleka choo. Nikasimama mlangoni nikingoja. Hakuna. Akatoka akasema tena, "Pi," na mimi nikamrudisha, nikamwambia asiogope, achuchumae. Mara ya tatu watoto wote walikuwa wamekuja kuangalia, na mmoja akaanza kuimba pi-pi-pi, na wengine wakapokea. Lavenda akafunga mdomo.

Jioni mama yake akaja. Nikamwambia huyu mtoto leo ameita choo mara tatu na hakuna kitu kimetoka, mpeleke hospitali. Akaniangalia. "Cucu, kwetu pi ni maji. Alikuwa na kiu."

Mtoto alikuja kwangu na neno moja tu, na nililipeleka choo. Nilimpa maji hapo hapo, vikombe viwili, akanywa vyote bila kunipa macho. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa, na ukafungwa miezi. Nyumbani alimnong'onezea mama yake. Kwangu, hakuna. Nilijaribu peremende, nilijaribu kumkemea, nikajaribu kumjibia kila akiulizwa kitu, na hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu ukimjibia mtoto unamwambia usijali, huhitajiki.

Kilichomgusa ni kura. Mkono hauhitaji lugha. Wiki ya kwanza aliangalia tu. Wiki ya pili pia. Wiki ya tatu nikauliza vikombe vya buluu, na kidole kimoja cha Lavenda kikafika kwenye sikio lake. Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo nyinyi vijana huharibu. Hamngoji. Mngepiga makofi, mngetoa simu mkampiga picha. Mtoto aliyejificha ukimpigia makofi anajificha tena. Mimi nilihesabu tu. "Watano, sita, na Ravenda saba. Buluu." Nikamimina uji.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nahesabu tena. "Na Ravenda nane."

"Lavenda."

Sauti ilikuwa ndogo, nikafikiri ni redio ya jirani. Nikasema, "Ndiyo, Ravenda, nane."

"Lavenda," ikasema tena, na safari hii niliona mdomo.

Nikageukia sufuria ili asione uso wangu. Na tangu siku hiyo akawa na kazi. Nikisema rara, anasema lala. Nikisema kura, mkono wake unapanda na mdomo unasema "kula," vyote pamoja, ili asipoteze kura yake. Hakuongea kitu kingine, ni kunirekebisha tu. Lakini alikuwa anarekebisha kwa bidii kama mtu anayelipwa. Nilielewa baadaye. Yule aliyechekwa kwa neno moja amepata mwanamke mzee mwenye mvi anayekosea maneno kutwa nzima, na hakuna anayekufa.

Ikafika wakati wa kuanza PP1, darasa la kwanza la chekechea. Sasa siku hizi kuna intavyuu. Mtoto wa miaka mitano anakaa mbele ya meza anaulizwa maswali kama anaomba kazi benki. Lavenda akaenda shule ya kwanza akanyamaza. Akaenda ya pili akanyamaza. Baba Lavenda si mtu mbaya, ni mtu aliyeogopa. Akasema, "Huyu mtoto huku anaumia. Kule Siaya kwa mama yangu alikuwa anaongea mpaka anafukuzwa jikoni. Tutajaribu moja ya mwisho. Akinyamaza, wiki ijayo nampeleka nyumbani asomee huko."

Mama Lavenda alinielezea hayo akiwa amekaa kwa benchi yangu ya watoto, magoti yamefika kwa kidevu. "Nimempata mwaka mmoja tu, Cucu. Juzi ndio nimejua analalia upande wa kushoto."

Jumapili Wambui akaja kunitembelea, nikampa hiyo habari, na yeye ndiye akatoa la kwake.

"Maitu, mama yangu, na wewe si ndiye unamharibu? Unamwita Ravenda. Akiulizwa hii ni nini aseme rori?"

"Yeye husema lori. Hunirekebisha."

"Sasa mtoto ndiye anakufundisha? Si ni wewe unalipwa?"

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa na akili. Nikamwambia anifundishe. Akanikalisha mbele ya kioo, watoto wakiangalia. "Weka ulimi kwa meno, Maitu. La. Usiutingishe. La." Nikafua nikisema la, nikapika nikisema la, nikachambua mboga la-la-la mpaka jirani akauliza kama nimejiunga na kwaya.

L ikaingia. Shida ni kwamba ikishaingia haikujua pa kusimama. Nilienda dukani nikaomba kilo moja ya sukali, na mwenye duka akaniuliza kama nimeng'olewa jino. Nilimsalimia mchungaji wetu, "Bwana asifiwe, habali ya familia." Nilimwambia mtu niko njiani naelekea Luilu, akanishauri nipande basi la usiku kwa sababu ni mbali, na Ruiru ni hapa karibu tu. Lakini kwa Lavenda nilikuwa safi. Lavenda. Lala. Njoo kula.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko la choo. Nilikuwa najisikiliza mimi mwenyewe hata sikumsikiliza mtoto. Nikiita "wakati wa kula," watoto wanakuja tu wanakaa. Mikono haipandi. Lavenda anakaa, anakula, ananyamaza. Nikafikiri ni adabu imeingia.

Siku ya intavyuu mama yake aliomba ruhusa kazini, akaniomba niende nao, kwa sababu mtoto alikuwa ameshika leso yangu na haachi. Shule ilikuwa Ruiru, jina halina kazi hapa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, na kadi za picha mbele yake. Mimi nilikuwa nimejipanga. Njiani nilikuwa nimechagua maneno machache yasiyo na mtego na nikaapa kutotoka nje yake.

"Hujambo, mwalimu," nikasema. Safi.

"Sijambo, nyanya. Na wewe mrembo, unaitwa nani?"

Kimya.

"Anaitwa Lavenda," nikasema, na ile L ilitoka kama ya mtangazaji wa redio.

Mtoto akainua macho akaniangalia. Aliniangalia vile ungemwangalia mwanamke mgeni aliyevaa nguo za cucu wako. Halafu akaangalia chini, na leso akaiachilia.

Mwalimu akainua kadi ya lori. "Hii ni nini, Lavenda?" Kimya. Mkulima na jembe. Kimya. Simba. Kimya. Kila kadi anaandika kitu kidogo kwa karatasi, na kila akiandika Mama Lavenda anakunja cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kama tiketi.

"Anasikia vizuri?" mwalimu akauliza.

"Anasikia, mwalimu."

"Hatuna haraka, mama. Pengine mwaka ujao." Akafunga faili, si kwa ubaya. Mama Lavenda akasimama, akasema asante.

Mimi nilisahau ulimi, nilisahau meno, nilisahau Wambui na kioo chake. "Ngoja, mwarimu. Usifunge hiyo fairi. Ravenda hajakataa, Ravenda ni mtoto wa..."

"Lavenda."

Mwalimu akasimamisha kalamu.

"Si ndivyo nimesema," nikamwambia mtoto. "Ravenda."

"Si Ra. La." Akanisogelea, akafungua mdomo wake mwenyewe akanionyesha. "Weka ulimi kwa meno, Cucu. Usiutingishe."

Yule mwalimu nampa heshima yake mpaka leo, kwa sababu hakupiga makofi. Aliinua kadi ya lori polepole, akanigeuzia mimi. "Nyanya, hii ni nini?"

"Rori."

"Lori," akasema Lavenda, amechoka na mimi.

"Na huyu ni nani, nyanya?"

"Mkurima."

"Mkulima."

"Anaenda kufanya nini?"

"Kurima."

"Kulima. Kulima mahindi. Dani pia hulima. Dani ana ng'ombe mbili na moja ni mkali."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake mwaka mzima. Mama yake alikuwa amerudi kukaa bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo.

Mwalimu akatafuta kadi nyingine chini ya zile, akanionyesha. Hapo sikuwa na neno, na Mungu ananiona, sikuwa najifanya. Ilikuwa ndege amesimama wima kama mzee wa kanisa, kifua cheupe na koti jeusi.

"Huyo simjui," nikasema. "Ni ndege amevaa suti?"

Lavenda akacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa kuliko yeye. "Cucu, si suti, ni manyoya. Ni pengwini. Anakaa kwa barafu. Anatembea hivi." Akashuka kwa kiti, akatembea hivyo, mikono imebanwa mbavuni, ofisi nzima, akazunguka meza ya mwalimu mkuu na akarudi. Mimi nilimfikiria Ba na dengu zake, na miwani ya kitako cha chupa. Miaka yote hiyo nilifikiri ni ujanja.

Mwalimu akafungua faili tena. "Mama Lavenda, mlete siku ya kufungua." Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Nyanya naye tutaona kama nafasi itapatikana."

Nje ya lango Mama Lavenda akampigia mumewe. Aliposikika tu akamwambia aongee na mtoto, akamwekea Lavenda simu sikioni.

"Lavenda? Umeongea?" Sauti ya baba tuliisikia sisi wote, na kwa nyuma watu wa mjengo wakipiga nyundo.

"Baba, Cucu hajui pengwini."

Tukamsikia akiwaambia wenzake wasimamishe nyundo.

"Hata mimi sijui," akasema baba. "Jioni utanionyesha."

Tulikaa kwa nyasi kando ya ukuta wa shule. Mama Lavenda akatoa chapati kwa begi, zimekunjwa ndani ya karatasi, na mayai ya kuchemsha matatu. Hakuna aliyekuwa amekunywa hata chai tangu asubuhi. Nikazipanga juu ya leso, nikapangusa mikono, na kwa mazoea nikafungua mdomo.

"Haya," nikasema. "Wakati wa..."

Nikasimama hapo. Ulimi ulikuwa unajua pa kukaa. Wambui alikuwa ameuonyesha. Lavenda alikuwa ananiangalia, na mkono wake ulikuwa umeacha chini lakini haujafika popote, umesimama karibu na sikio, unangoja kujua ni mimi ama ni yule mwanamke mwingine.

"Wa kura," nikasema.

Mkono ukapanda mpaka juu. Wa mama yake ukapanda. Na mimi nikainua wangu.